Samaki wa Tangi la Tatu

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, binti mmoja, mpima maji wa kiwanda cha kutia nguo rangi, alifanya kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wake. Alichukua chujio na ndoo, akaenda uani kwenye tangi la tatu, lile la mwisho la kusafishia maji machafu, akawaopoa samaki waliokufa usiku na kutia wazima kumi na wawili.

Mjomba wake, mwenye kiwanda, aliwathamini samaki wale kuliko wafanyakazi. Kila mgeni aliletwa pale tangini. "Maji yetu machafu yakifika hapa yameshakuwa hivi! Mashahidi hao wanaogelea, mimi kazi yangu kunyamaza." Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Kufikia jioni mashahidi walikuwa wameanza kuelea kwa ubavu.

Siku hiyo alikuwa ameopoa saba tu lango lilipofunguliwa. Mnunuzi mkubwa, mama mwenye maduka ya nguo za watoto, alikuwa ameahidi kuja saa nane mchana. Aliingia saa moja na nusu asubuhi, dereva wake nyuma amebeba robota. Binti akaisukuma ndoo kwa mguu nyuma ya mapipa.

Mnunuzi hata hakulitazama tangi. Alilifungulia robota lake juu ya meza ya ukaguzi. Zilikuwa nguo za watoto wachanga, zilizoagizwa ziwe na rangi ya maziwa. Zilikuwa na mabaka ya kahawia, kama aliyezifua alizifulia chai.

"Elfu tatu, zote zimerudishwa," alisema. "Watoto wanatoka vipele. Mkobani nina mkataba wa miaka mitano, nilikuja nao makusudi. Doa mimi nalisamehe. Nataka kujua limetoka wapi, na kama nyinyi ni watu wa kuaminika. Nisipojua leo, naondoka nao."

Mjomba, aliyekuwa ametoka ofisini kumpokea, hakupepesa jicho. "Niitieni Mama Rangi."

Mama Rangi alikuwa mtia rangi mkuu, miaka kumi na tisa mahali pamoja. Glavu ziligawiwa siku za ukaguzi tu, zikakusanywa jioni, kwa hiyo kucha zake nne zilikuwa zimeng'oka na zilizobaki zilikuwa za buluu. Ndiye aliyempokea binti alipotoka chuoni, akamwita mwanangu, akamkalisha karibu naye wakati wa chakula ili wenzake wasimcheke kwa haya zake.

"Onyesha mikono," mjomba alimwambia.

"Mikono yangu, bosi?"

"Kwani nimesema ya jirani yako?" Akamshika viganja, akavigeuza mbele ya mgeni. "Jionee mwenyewe, mama. Kwa vidole hivi nguo ya mtoto itatoka safi? Huyu namweka kwa huruma tu. Macho yameisha, pua imeisha, kilichobaki ni mdomo wa kudai glavu."

Vibarua wawili wakacheka, maana mjomba alikuwa akiangalia nani hacheki.

"Vipimo vyangu sijavibadilisha," Mama Rangi alisema. "Tangu mvua zianze nasema maji ya kisima yana harufu. Muulize mpima maji."

Macho yote yakamgeukia binti.

Alijua. Matangi yalipojaa, mjomba alikataa kukodi lori la kuondoa tope la rangi. Alichimba shimo nyuma ya bohari, kwenye mteremko, hatua thelathini juu ya kisima cha kiwanda chenyewe, akalimwaga humo. Mvua ziliponyesha, alichokitupa kikaanza kumrudia, ndoo kwa ndoo. Rangi nzito zilificha uchafu. Rangi ya maziwa haikuweza. Binti alimwandikia mara tatu. Barua ya kwanza ilipotea, ya pili ikachanwa, na ya tatu mjomba aliikunja akaisokomeza chini ya mguu wa kabati lililokuwa likicheza.

"Mpwa wangu," mjomba alisema kwa upole, "maji yetu yana tatizo?"

Binti aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomlipia ada ya chuo. Ndiyo iliyompa mama yake chumba cha uani na kumkumbusha kila mwezi.

"Yako... yako kwenye kiwango, mjomba."

Mama Rangi alimtazama.

"Umesikia, bibi? Vua aproni, mali ya kiwanda."

Vidole vyake vikahangaika na fundo mgongoni. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

"Hata fundo!" Mjomba alichukua mkasi mezani, akazikata kamba kama anayefungua gunia. "Na vile vipele vya watoto ni dhambi yako. Kalale navyo."

Mama Rangi alisimama pale, aproni imemwanguka miguuni. Akamgeukia mnunuzi.

"Nisamehe, mama. Labda kweli nimezeeka. Labda nilikosea kupima. Watoto wa watu, jamani..."

"Usiombe msamaha!"

Binti mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Nyamaza," mjomba alisema. "Watu sitini hapa, unataka kuwamwagia unga?"

"Umewamwagia wewe, mjomba, siku ulipochimba shimo juu ya kisima chetu. Tunazifua nguo za watoto kwa uchafu wetu wenyewe." Mnunuzi alikuwa ameshika mkoba wake, lakini binti hakumtazama. Alimtazama Mama Rangi, machozi yakimtiririka. "Wewe hukukosea hata tone. Najua tangu mvua zianze. Nimesema uongo sasa hivi, mbele yako, kwa sababu namwogopa yeye kuliko ninavyokupenda wewe."