Mchango wa Bahari wa Matavela

Kwa miaka kumi na tisa nilipima bahari kila asubuhi kwenye gati la Matavela, na kwa miaka hiyo yote hakuna mwanakijiji aliyewahi kuniuliza nimepata ngapi. Waliniona nimeinama ukingoni nikikwangua uchafu wa bahari kwenye ubao wa kupimia, nikisoma pale maji yalipofika, kisha nikienda dukani kupiga simu ofisi ya vipimo ya mji mkuu, Apia. Apia waliichukua namba yangu wakaiunganisha na za visiwa vingine, wakazituma kwa wenzao wa ng'ambo, na huko ziliwekwa pamoja na namba za bandari za dunia nzima, ili ijulikane kama bahari inapanda au haipandi. Mimi niliyejifunza hesabu ukubwani, katika shule ya usiku, nikibanana kwenye dawati na vijana wa rika la wanangu, nililijua jambo hilo na likanitosha. Sikuhitaji kupigiwa makofi. Lakini siwezi kusema ningeyakataa.

Ndiyo maana nilifurahi redio ilipotangaza kwamba kila jioni, baada ya saa ya sala, itasoma vipimo vya bahari vya vijiji viwili vya pwani yetu: Matavela, na Saletoga walio upande wa pili wa rasi. Niliwaambia watu. Niliwaambia watu wengi. Mke wangu, Sulia, alioka majani ya magimbi kwa tui la nazi, tukakaribisha majirani, nami nikavaa shati langu la kanisani ingawa redio haioni.

Mtangazaji alikuwa na sauti nzito, ya taratibu. "Saletoga," alisema, akatulia kidogo. "Mita mbili na sentimita kumi." Akatulia tena. "Matavela. Mita moja na sentimita tano."

Jirani mmoja alirudisha tonge lake la majani kwenye sinia.

"Saletoga wametoa mbili," Sulia alisema polepole, "sisi tumetoa moja?"

Hapo nikaelewa kilichotokea. Kanisani kwetu, kila Jumapili kabla ya wimbo wa mwisho, shemasi husimama na kusoma jina la kila familia na kiasi ilichotoa. Jina, kimya kidogo, namba. Familia iliyotoa kidogo huinama kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya benchi. Tumelelewa hivyo tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu, na sikio la Matavela likisikia jina, kimya na namba, halisikii kingine chochote isipokuwa mchango. Niliwaeleza wageni wangu kwamba hii ni bahari tu, tena bahari yenyewe ni moja. Walisema wameelewa. Waliondoka mapema.

Baada ya wiki moja hali ilikuwa mbaya. Kwenye kidimbwi cha kufulia wanawake walimwuliza Sulia kama mumewe anasoma ubao akiwa amesimama au amelala. Siku ya kriketi Saletoga walikuja na ngoma zao na wimbo mpya uliokuwa na maneno mawili tu, "mita moja", wakauimba kuanzia mpira wa kwanza hadi jua lilipozama. Tulishindwa vibaya. Vijana wetu walisema mikono ilikuwa mizito kwa aibu.

Siku ya Jumatatu baraza la matai, wakuu wa koo zetu, likaniita. Mimi pia ni matai, lakini cheo changu ni kidogo. Hukaa nguzo za nyuma, mahali ambapo kikombe cha kava, kinywaji cha baraza, hufika kikiwa kimebaki matone. Siku hiyo nilisogezwa katikati. Msemaji wa baraza, Galuvao, mtu mwenye kifua kama pipa, alikuwa ametupa usinga wake begani, na akianza hivyo ujue ana hotuba. Alizungumza muda mrefu juu ya wahenga wetu, ambao hawakuwahi kuwa wa pili kwa Saletoga kwa jambo lolote, kisha akaniuliza nimeifanyia nini bahari ya kijiji.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilileta beseni la maji na fito mbili nilizozichora mistari. Fito moja niliisimamisha chini kabisa ya beseni, nyingine nikaifunga juu kidogo ukingoni. Maji ni yaleyale, nikawaambia, lakini fito hii inasema kumi na ile inasema tano, kwa sababu sifuri ya hii iko chini na sifuri ya ile iko juu. Wapimaji wa Saletoga waliupigilia ubao wao chini zaidi, basi. Sifuri si bahari. Sifuri ni pale fundi alipoamua kuanzia. Nilirudia mara mbili, kwa utulivu, nikijiona kama mwalimu wangu wa zamani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona wazee wote wakitikisa kichwa kukubali.

Galuvao aliinama akalitazama beseni kwa makini kuliko wote.

"Mwalimu," aliniambia, "nimekuelewa vizuri sana. Sifuri ni pale fundi alipoamua."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Haikutoka mbinguni."

"Haikutoka mbinguni."

"Basi ishushe yetu. Mita moja na nusu. Tutakupa vijana na nyundo."

Nimefundisha wajukuu hesabu, nimefundisha hata mchungaji kugawanya desimali, na sijawahi kupata mwanafunzi aliyelishika somo haraka namna ile. Nilijaribu kueleza kwamba ubao ukihamishwa, namba za kesho haziwezi kulinganishwa na za jana, na miaka kumi na tisa yote inakuwa kazi bure. Hatutajua tena kama maji yamepanda au ni sisi tuliocheza na nyundo. Galuvao alisema kama ubao ni mzito kuuhamisha, basi niuache palepale na niongeze mita moja na nusu nikiwa dukani, kwenye simu. Nikasema hapana. Nikidanganya mita, nani ataniamini sentimita? Hapo wazee wakakunja nyuso. Uamuzi ulisomwa: gati ni la kijiji, na nguzo zake ni za kijiji. Kabla ya Jumapili ya Watoto, jamaa zetu wote wanaporudi nyumbani kutoka Apia na Auckland na kusikiliza redio, ama ubao umeshuka, ama umeng'olewa.

Kesho yake nilimpigia simu Fetuao, yule msichana wa Apia anayepokea vipimo vyangu. Nilimweleza yote bila kuongeza. Alicheka mpaka akakosa sauti, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba msomaji wa Saletoga alikuwa ameshapiga asubuhi ileile. Habari za nyundo zetu zilikuwa zimevuka rasi, na baraza la Saletoga lilikuwa limeamua kwamba Matavela wakifika mbili na nusu, wao wataenda tatu.

"Mzee Uelese," alisema, na sasa hakuwa anacheka, "mkizigusa mbao hizo bila wapimaji, pwani nzima nitaifuta. Sitakuwa na cha kuwapelekea wenzetu. Kwenye ramani yao mtakuwa shimo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikamweleza Sulia ujinga wa watu wasiopenda kujiendeleza. Alikuwa anakamua tui na hakuinua macho.

"Wewe ndiye uliyeleta redio ile kwa mbwembwe," alisema. "Na redio yenyewe haijui kusoma mchango. Shemasi hasomi mali ya mtu, Baba Toma. Ng'ombe wangapi, nyumba ngapi, hasomi. Anasoma ulichoongeza wiki hii."

Niliendelea kulalamika kidogo kabla maneno hayo hayajanifikia. Kisha nikavaa kandambili nikakimbia dukani.

Kule Apia, unajua, wanayo makadirio ya kila saa: mwezi ulipo, jua lilipo, maji yanapaswa kufika wapi. Bahari halisi huzidi au hupungua kidogo juu ya makadirio hayo. Nilimwuliza Fetuao kwa nini redio isisome hilo tu, kila kijiji kwa kulinganisha na bahari yake mwenyewe, sifuri ikae ilipo. Alisema namba hizo anazo tayari, na kwamba kusema kweli hizo ndizo wataalamu huzipenda zaidi. Akanisifu kwa wazo zuri. Nikamshukuru.

Jioni ya kwanza kijiji kizima kilikaa kimya kama kanisani. "Saletoga," mtangazaji alisema. "Wamezidi sentimita nne." Akatulia. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile. "Matavela. Wamezidi sentimita tano."

Watu walitoka nje wakipiga makopo. Galuvao alisimama barazani akasema kwamba bahari ya Matavela ina ukarimu wa wenyeji wake. Alipoketi niliuliza kuhusu ubao. Alipunga usinga, akasema ubao ukae, umeshaonyesha adabu. Nililala vizuri usiku ule.

Raha hiyo ilinichosha upesi. Kila nilipopita niliulizwa kama tumeongeza. Siku tuliyosomewa "pungufu ya sentimita mbili" watu walinitazama kama mweka hazina aliyenunua baiskeli mpya. Vijana walikaa gatini wakiyashangilia maji. Niliwaambia mnachokishangilia kitakuja kuwalowesha, wakaniambia, "Mzee, Saletoga wamezidi tatu tu leo!"

Jumapili ya Watoto iliangukia siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, na upepo wa kaskazini ulikuwa umesukuma maji kwetu siku mbili mfululizo. Jamaa walikuwa wamejaa kila nyumba. Jioni redio ikasema: Saletoga, wamezidi ishirini na nane. Matavela, wamezidi thelathini na moja. Hatukuwahi kutoa namna hiyo. Ngoma zilianza hata kabla mtangazaji hajamaliza, na watoto katika nguo zao nyeupe wakakimbia kuelekea ufukweni, wakarudi haraka kuliko walivyokwenda, kwa sababu ufukwe ulikuwa umewafuata nusu ya njia.

Nilikuwa nimesimama ugani kwangu, kwenye kilima kidogo, nilipomwona Galuvao anapanda kuja. Alikuwa amefunga shuka lake juu ya magoti, na mikononi alishika vitoto viwili vya nguruwe, vimelowa chapachapa. Nyuma yake jike mkubwa alikuwa anakuja mwenyewe, kwa hasira.

"Banda linaelea," alisema. "Jiko limejaa. Mama mkwe wangu yuko juu ya meza, anataka kujua ni nani aliyeishinda Saletoga."

Nilipokea kitoto kimoja. Tukasimama tukiyatazama maji yanavyozunguka minazi yake. Ngoma chini zilikuwa bado zinalia.

"Hii thelathini na moja," aliniuliza, "ni ya leo tu?"

Nilimwambia kwamba sehemu kubwa ni ya upepo, na upepo ukigeuka itaondoka. Lakini si yote. Mwaka nilioanza kazi, siku kama hii, pamoja na upepo kama huu, maji yangeishia upana wa kiganja chini ya pale. Yasingelowesha hata kizingiti. Sehemu hiyo iliongezeka kidogo kidogo na haijawahi kurudi.

"Una hakika?"

"Ubao ni uleule, mahali palepale."

Alifikiri. Kitoto cha nguruwe kilimpiga teke kifuani na hakujali. "Na kama ningekupa zile nyundo?"

"Tungekuwa tunabishana sasa hivi, mimi na wewe, kama maji yamepanda au la. Na mama mkwe wako angekuwa bado juu ya meza."

Alimwita kijana mmoja akamtuma awaambie wenzake waache ngoma na waje kubeba vyombo. Kisha akanigeukia, na kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia ikitoka katika kifua kile, akaniomba nimwonyeshe banda lijengwe wapi ili maji yasilifikie, si mwaka huu tu, bali mpaka wajukuu wake wawe wakubwa. Aliniita Uelese, si Mwalimu.

Maji yalipopwa nilishuka na mpira mwembamba wa maji, ule wa kuonyesha usawa, na fito zangu mbili. Nilianzia kwenye alama ya shaba waliyoiacha wapimaji gatini, nikapanda nayo hatua kwa hatua kupitia uga wake wote, yeye mwenyewe akiwa ameshika ncha moja na kunyamaza kama mwanafunzi mwema. Uga wake hauna mahali pa kufaa. Wa kaka yake hauna pia. Nilipiga hesabu mara tatu, kwa haki, na ningependa kusema kwamba nilijaribu kupata jibu lingine. Mahali pakavu pa karibu, pa kutosha nguruwe kumi na mmoja, palikuwa nyuma ya jiko letu.

Ubao uko palepale gatini, na Fetuao anapata namba yake kila asubuhi. Nguruwe wa Galuvao nao wako hapa, na upepo ukitoka kusini Sulia hufunga dirisha, hunitazama, na kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo elimu itatufikisha mahali.