Kiwanja cha Lamunu

Kakule aliipiga nyumba ya Mzee Ongom picha mia moja na arobaini, Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alizunguka mara tatu: kwanza simu ikiwa usawa wa goti, kisha usawa wa kifua, mwisho ameifunga kwenye ufito mrefu juu ya mabati. Kila picha ilipaswa kurudia nusu ya ile iliyotangulia, maana programu ya simu huunga picha ziwe nyumba kama fundi anavyounga vipande vya kitenge, na pengo moja tu hutoboa ukuta. Nyumba za mtaa wa Namuwongo zilizo kando ya reli zilikuwa zinabomolewa zote. Ofisi iliyomwajiri Kakule ilitaka umbo la kila moja pamoja na watu wake, ili kila anayeonekana apewe kiwanja kwingine.

Hapo ndipo palipokuwa na ujinga, na Kakule aliwaambia watu wa ofisi mapema. Programu hufuta kila kinachosogea: kuku, nguo kwenye kamba, watu. Ofisi ilimjibu kwamba mwenye nyumba wa kweli atatulia.

Ongom, askari mstaafu, hakutulia. Alimfuata Kakule raundi zote tatu akimwonyesha ufa aliouziba mwenyewe, mgomba alioupanda, na kizingiti alichopenda kukalia mkewe, Lamunu, aliyefariki miaka minne iliyopita. Halafu akaleta chai, akasimama kuisimamia mpaka inyweke. Mzee wa watu, mdomo wake haujui likizo.

Jioni, modeli, yaani lile umbo la nyumba, ilipokamilika simuni, Ongom hakuwamo. Lamunu alikuwamo. Alikuwa amekaa kizingitini, ungo wa karanga mapajani, kandambili mguu mmoja tu. Kakule alimzungusha kwenye kioo cha simu, akakuta mgongo upo, na pini iliyoshika sketi mahali pa zipu nayo ipo. Hakuwa na tundu hata moja. Kakule hakuwahi kupata mtu aliyetulia vizuri vile.

Kesho yake alimpelekea Ongom simu.

"Afande, mama ametokea."

Ongom akavaa miwani. "Hapana zungusha haraka," alisema. Akatazama weee. "Huyu mama, wakati yeye iko mzima, hakukaa kimya dakika moja. Leo anatulia kwa sababu ya ofisi?"

Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alisema amemkosa sana, hasa asubuhi. Kisha akauliza, "Na mimi iko wapi?"

"Wewe ulitembea, Afande."

Alhamisi wakarudia. Ongom alikaa kizingitini dakika hamsini, mikono magotini, nzi akamtembea usoni asimguse. Modeli hiyo iliwatoa wote wawili. Lamunu alikuwa amejisogeza kidogo kumpa nafasi, na mkono mmoja wa Ongom ulikuwa umeshika ukingo wa ungo. Kakule aliituma siku ileile.

Ofisi ikasema hesabu ilifungwa Jumatano, kwa modeli ya Jumanne aliyokwisha kuituma. Nyumba ilikuwa na mkazi mmoja, Lamunu, basi. Kakule alikwenda mwenyewe, akamweleza karani aitwaye Nusura kwamba mama huyo amezikwa kwao Kitgum. Nusura hakuwa mtu mbaya. Aliizungusha modeli pande zote.

"Anaonekana vizuri sana," alisema. "Aje na kitambulisho chake, nampa kiwanja."

"Hawezi kuja, dada."

"Basi tutamngoja. Hatumharakishi."

Nyumba ilivunjwa Jumatatu. Kiwanja kilipimwa nje ya mji, kikazungushiwa waya na kuwekwa kibao chenye jina la Lamunu. Kwa kuwa kilikuwa kitupu na watu wana tamaa, ofisi ikatafuta mlinzi, ikiwezekana askari mstaafu. Ongom alipeleka vyeti vyake, akapata kazi.

Analala katika kibanda cha bati upande wa nje wa waya. Kakule humtembelea Jumapili baada ya ibada, na wakishamaliza chai humfungulia modeli ya Alhamisi, naye Ongom humpa mkewe habari za wiki nzima, hata za mbwa wa jirani. Juzi Kakule alimwambia kwamba udongo wa mle ndani ni mzuri, angeingia walau apande mihogo, nani angemwona?

"Hapana," alisema Ongom. "Amri ni mtu yeyote asiingie mpaka mama afike."

Akaongeza, kwa upole, kwamba yeye mwenyewe hajakanyaga humo hata siku moja.