Chemchemi Isiyo na Mtu

Desbah alipanda hadi ukingo wa korongo akiwa amefura kwa hasira. Maisha yake yote kondoo wa ukoo wamekunywa maji ya chemchemi ya kule chini, na leo ramani ya serikali inadai pale hapakaliwi. Maji yasiyo na mtu hukodishwa kwa wafuga ng'ombe wa nje, na ramani inapelekwa mjini kesho. Habari kaletewa na Hoskie, mtoto wa kaka yake, anayemshikia mpimaji fimbo ya vipimo na kumtafsiria.

Mpimaji, Bwana Pruitt, alikuwa ameinamia ubao wake wa miguu mitatu akichora mistari ya miinuko. Majabali yote yalikuwemo. Watu ndio hawakuwemo.

"Nyumba ya pale chemchemini niliiona kwa darubini," alisema. "Ukuta wa kaskazini umetobolewa, ni gofu. Kijana wako nikamuuliza nani anakaa pale, akasema hakuna."

Desbah akamgeukia Hoskie aliyesimama na fimbo yake. "Ulisema hakuna?"

"Si kweli hakai mtu, shangazi?" Hoskie alitazama chini. "Unajua kwa nini ulitobolewa. Ningeanzaje kupazungumzia?"

Desbah alijua. Kwa desturi yao mtu akifia ndani hutolewa kwa tundu la upande huo, nyumba ikahamwa, na jina lake halitajwi tena. Hoskie alifanya alivyolelewa.

"Mwambie nyumba yangu iko nyuma ya jabali, hatua mia mbili kutoka chemchemi. Wiki tatu anatuchungulia kwa bomba lake la kuonea mbali, miguu yake ina nini? Mbuzi wangu kipofu anashuka njia ile kila siku."

Pruitt aliona haya kidogo, lakini hakuinuka. "Nitaichora. Ila wakubwa wangu watataka kujua chemchemi ni ya nani tangu zamani. Nipe jina."

Hoskie alitafsiri, kisha akawapa mgongo. Desbah akalitaja jina la mama yake, mwenye chemchemi, aliyefia katika nyumba ile; mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Pruitt akafuta neno "hapakaliwi", akachora nyumba, akaandika kando ya chemchemi kwa herufi nzuri. Akaigeuza ramani kwa tabasamu.

"Anasema chemchemi kaipa jina lile," Hoskie alinong'ona. "Kila atakayeshika ramani atalitamka."

"Mwambie afute."

Pruitt akatikisa kichwa. "Nikifuta jina, maji nitayaandikaje kuwa yenu?"

 Huyu mtu alidhani kampa zawadi. Chini kule kondoo walikuwa wakilia kwa kiu wakingoja kunyweshwa, na Desbah hakurudia kusema afute.