Mashavu ya Mama Mkubwa

Haraka haraka haina baraka, na mpiga picha wetu aliujua msemo huo tangu utotoni, haukumsaidia kitu. Alikuwa na kamera mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ilikuwa ya kazi. Ya pili, fundi alikuwa ameondoa kichujio chake cha ndani ili inase miale ya infraredi, ile ambayo macho yetu hayaioni, inayogeuza majani kuwa meupe na anga kuwa jeusi. Ili asizichanganye, aliibandika hiyo ya pili kipande cha plasta. Plasta ikabanduka, naye asijue.

Siku hiyo mama yake mkubwa alikubali kupigwa picha kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Madoa meusi yalikuwa yamemtapakaa mashavuni, na kila akiona kamera alijifunika mtandio. Lakini binti yake wa pekee alikuwa anaondoka kwenda kusoma ng'ambo, miaka minne, na alilia na kubembeleza mpaka mama akafunua uso. Wakasimama bustanini wameshikana. Jua lilikuwa kali, kioo cha nyuma ya kamera kikawa hakionyeshi kitu, na dereva wa teksi alipiga honi kama anafukuza ng'ombe. Picha tatu, busu moja, binti akaondoka.

Mpiga picha alipofungua kompyuta aligundua kwamba alikuwa ameshika ile kamera ya pili. Mama na mwana wote wawili walikuwa wekundu kama nyanya.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alijaribu. Alisawazisha rangi kwa kuyafanya majani yawe kipimo cha weupe, akazibadilisha nafasi nyekundu na buluu, nyuso zikatoka za kijani. Basi akaondoa rangi zote, ikabaki picha nyeusi na nyeupe. Ikapendeza. Ndipo alipoona kwamba madoa hayapo. Miale ile hupenya ngozi, ikayapita kama haikuyaona.

Alimweleza mama mkubwa kosa lake lote. Mama mkubwa hakusikia hata nusu.

"Mwone huyu! Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mtumie mdogo wako, sasa hivi!"

Akatuma. Jibu lilikuja la sauti, wakalisikiliza pamoja.

"Dada, asante, mimi nimetoka vizuri. Ila mama yangu umempeleka wapi? Namtaka yule niliyemwacha hapo bustanini. Huyu simjui."

Mama mkubwa ilimuuma, maana picha ya wawili pamoja isingepigwa tena mpaka miaka minne ipite.

"Mtoto huyu hana adabu," alisema mwishowe, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akauvua wote, akauweka mezani, akavuta kiti mpaka dirishani.

"Haya, leta ile kamera nyingine, ya watu. Na huko kwenye kompyuta usiniguse hata kidogo."