Ombi la Njia ya Idi

Kazi ya Niken, pale Semarang, ilikuwa kuandika yale maneno machache yanayotokea kwenye simu kabla mtu hajabonyeza "Ruhusu". Kampuni yao ilikuwa na programu ya safari za Idi, msimu ambao kisiwa kizima cha Jawa hurudi kwa wazazi, na foleni huwa ndefu hata mtoto aliyeondoka amepakatwa hufika kwao na ndevu. Ndugu wa kikundi kimoja huonana kwenye ramani, ili mama ajue lini aepue ketupat, wali wa Idi unaochemshwa ndani ya majani yaliyosukwa.

Niken aliandika hivi: "Kikundi chako chote kitaona ulipo usiku na mchana, hata ukiifunga programu, hata Idi ikipita, mpaka uizime mwenyewe kwenye mipangilio."

Bosi wake, Pak Gunarto, mwenye ulimi laini ambao nzi akitua huteleza, alikunja uso.

"Binti, hili ni ombi au hati ya kukamatwa?"

"Ndivyo inavyofanya kazi, bosi."

"Hata mng'oa meno hatangulizi koleo. Lainisha."

Akalainisha: "Tuandamane, nyumbani wakusubiri kwa amani." Watu wakabonyeza kwa maelfu.

Mmoja wao alikuwa Wening, mdogo wake Niken. Alikuwa amemtoroka mumewe, Darsono, aliyemvunja mkono, akajificha Malang. Darsono bado alikuwamo kwenye kikundi cha familia. Kwao, kumtoa mkwe kikundini ni sawa na kumrushia viatu uani majirani wakitazama. Mama alisubiri wajomba waanze, wajomba wakamsubiri mama, na Niken naye akaona haya. Wening alijua Darsono yumo. Aliwasha ramani siku ya safari tu, kwa ajili ya mama, na aliporudi Malang akaifunga programu, akadhani yamekwisha.

Siku ya tisa baada ya Idi, saa ya chakula cha mchana, Niken aliifungua ramani. Vidoti viwili, cha Wening na cha Darsono, vilikuwa vimekaa pamoja Malang. Akampigia Wening. Akapokea Darsono.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Mpe Wening simu."

"Amepumzika. Nimemfuata mke wangu, kuna ubaya? Tena mmenirahisishia, sikumuuliza mtu njia."

Simu ikakatwa. Akawapigia polisi wa Malang, wakamuuliza kama huyo ni mume wa ndoa. Aliposema ndiyo, wakamshauri mambo ya ndani wayamalize wazee.

Vidoti vikaondoka pamoja, vikapita Mojokerto, vikashika barabara ya Bojonegoro, kwao Darsono. Niken hakuinuka kitini. Kwenye misitu ya misaji vikasimama, muda wa mtu kula sahani ya wali. Kisha kimoja kikaendelea na safari. Cha Wening kikabaki.

Akawapigia polisi wa huko, akawatajia mahali penyewe. Askari akamuuliza ramani hiyo hukosea kwa kiasi gani.

"Hatua kumi," alisema Niken. "Hatua kumi tu, bwana."