Chomoa, Zima, Washa

Mume wangu ana sheria tatu za kuwasha lori, na kwa miaka tisa sikuwahi kumwona akizivunja. Chomoa, zima, washa. Unachomoa kila kilichochomekwa, unazima inveta, ndipo unawasha injini. Inveta ni kile kisanduku kilichofungwa nyuma ya kiti cha dereva, kinachochukua umeme wa betri za lori na kuufanya kama wa nyumbani. Ukipiga stata wakati kinafanya kazi, betri zinazidiwa, kisanduku kinapiga kelele na kukata umeme, na ukirudi unarudi na hasira ya kuunguza. Mwaka wetu wa kwanza barabarani kilimuunguzia simu mpya ambayo hata wiki haijamaliza. Tangu hapo mtu huyu anaweza kusahau siku niliyozaliwa, anaweza kusahau kunyoa, lakini hizo tatu hasahau.

Binti yetu, Kidoti, alizijua kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Alikuwa akikaa katikati yetu, anaziimba, na baba yake anatii neno moja baada ya jingine kama askari. Alipotimiza miaka sita ikabidi aanze shule, na shule haina magurudumu. Tukampeleka mjini kwa mama yangu. Sasa ana miaka minane. Ninamwona siku mbili katika kila miezi miwili, na kila nikifika naambiwa viatu vimeshambana, mimi mzazi ndiye wa mwisho kujua.

Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa nataka nini. Sikutaka utajiri. Nilitaka meza, kwenye mji ambamo mwanangu anavalia viatu vyake.

Kazi yangu ni kunukuu. Watu wanarekodi vikao vyao, mimi nasikiliza na kuandika kila neno, na kikohozi pia wakitaka. Naifanyia kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti vya lori, kompyuta mapajani na mto chini yake. Miaka minne nimeishi kwa kuwinda umeme na mtandao, na vyote viwili vina maringo: penye kimoja, kingine kimeaga. Nimeomba tundu la kuchomekea kwa vinyozi, kwa wauza dawa, hata kwa fundi cherehani aliyenipa kwa sharti nimtungie nyuzi kwenye sindano. Nimekunywa chai nisizozitaka kwa sababu tu meza ya kona ilikuwa na soketi. Mhudumu mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimekuja kula au kunyonya.

Kwa upande wa mtandao, nimeifunga modemu yangu kwenye mpini wa ufagio, na mpini nimeufunga kwenye kioo cha pembeni cha lori, waya mrefu unaingia dirishani. Bila hivyo mtandao haupandi. Madereva wananicheka, eti natega samaki. "Shemeji, leo wamekula chambo?" huniuliza Kipara, rafiki wa mume wangu, kila tunapokutana naye kwenye foleni. Namjibu wamekula, ila ni wadogo.

Mwaka huu betri ya kompyuta ilivimba mpaka vitufe vikainuka. Fundi aliitoa huku ameishikilia mbali na uso wake kama nepi. "Hii sasa ni ya ukutani tu, mama," aliniambia. "Umeme ukikatika hata sekunde moja, imelala." Betri nyingine ilikuwa ya kuagiza, na ukiagiza unaulizwa iletwe wapi. Anwani yangu ina matairi kumi na manane. Nikaacha.

Ndipo ofisi moja ya wanukuu, kwenye mji uleule wa Kidoti, ikatangaza nafasi. Unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi, soketi iko ukutani na haihami. Nikaomba, nikapita mchujo wa kwanza, wakanipangia jaribio la mwisho la mtandaoni: Jumanne saa nne asubuhi, dakika tisini, sehemu tatu, kamera imewashwa, mahali pawe kimya. Chini kulikuwa na mstari ulioandikwa kwa wino mzito. Jaribio likikatika kwa sababu yoyote ile, litahesabiwa kuwa limekamilika.

Nilitaka kuchukua chumba cha wageni kwa siku hiyo. Mume wangu akakataa katakata.

"Cha nini? Umeme wa huko mvua ikikohoa tu umekatika. Hapa mkata umeme ni mimi, na mimi sikati."

"Na foleni ya mzani je? Wakituita katikati?"

"Mama Kidoti, wakituita watatupita. Sisogei hata inchi mpaka utoe hayo madude masikioni."

Nilimwamini, na sioni haya kusema hivyo. Huyu ni mtu aliyewahi kutembea kilomita tatu na dumu la maji begani ili mimi, nikiwa na mimba, nioge. Lakini kuna neno alilolisema wiki ile, akipangusa kioo cha mbele, hata hakunitazama. Alisema, "Ukiipata hiyo kazi, hicho kiti chako nitaweka nini?" Nikamwambia aweke gunia la viazi. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu tuliegesha kwenye yadi ya mzani, ambapo malori yanasubiri kuitwa yakapimwe mzigo. Nilipachagua mwenyewe kwa sababu mtandao wa pale umesimama wima. Kwa kuwa kipaza sauti cha jaribio kingenasa mngurumo, injini ilipaswa kuzimwa, kwa hiyo siku hiyohiyo nikafanya jaribio la jaribio: saa tatu nzima kompyuta imewaka kwa betri za lori peke yake, na betri hazikutikisika. Nikamtumia mama ujumbe kwamba kesho simu yangu nitaizima, wakinitaka wapige ya Baba Kidoti.

Asubuhi ya Jumanne nilivaa blauzi yangu ya kitenge na chini nikabaki na kanga, maana kamera haina haja na miguu. Mume wangu akachomeka simu yake kwenye tundu la pili la inveta.

"Na mimi nijazie kidogo," akasema.

"Jazia, umeme upo."

Akalivuta pazia linalotenga kitanda na viti. "Haya, kawashinde," akaniambia, akashuka, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayemwacha mtoto mchanga usingizini. Nilimpenda sana dakika ile. Hilo nalo linaniuma.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya watu wawili wanaobishana kwa pamoja huku mvua inapiga bati. Hapa wamekutana na mwenyewe, nikasema moyoni. Mimi niliyenukuu vikao huku tairi linabadilishwa chini yangu, mvua ya bati itaniambia nini? Nikaimaliza kabla ya muda. Sehemu ya pili ilikuwa kikao cha watu watano, mmoja wao ana kigugumizi, na sharti ni kumwandika kwa heshima, neno lake lilivyo, bila kumkatia wala kumsaidia. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Kwenye kona ya kioo nikauona uso wangu mdogo unaotazamwa na kamera, nikagundua unatabasamu. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na nane.

Kebini ikainama kidogo upande wa dereva. Uzito ule naujua. Nimelala kando yake miaka tisa. Nikadhani amefuata chupa ya maji. Sikugeuka, kamera isije ikasema naangalia pembeni, na masikioni nilikuwa na yule bwana wa kigugumizi anayetafuta neno. Nakumbuka sasa kwamba alikaa pale muda. Hakuwa mtu wa kuingia na kutoka.

Kisha kitanda kikatetemeka. Inveta ikapiga ukelele wake, mmoja mrefu, na yule bwana akakatwa kabla hajalipata neno lake. Kioo kikawa cheusi, na humo ndani nikabaki mimi na vipokea sauti kichwani.

Pazia likafunguka.

"Wametuita," mume wangu akasema. "Kipara ameshaingia. Tungepoteza zamu, Mama Kidoti, nyuma kuna malori sitini."

Nilibonyeza kitufe cha kompyuta kama anayemzindua maiti. Inveta ilikuwa bado inalia.

"Nimesahau," akasema. "Wallahi nimesahau. Haraka tu ile."

Nikawasha simu yangu, nikafungua ukurasa wa jaribio. Ulifunguka upesi, nilishasema mtandao wa pale ni mzuri. *Jaribio lako limekamilika. Umejibu sehemu moja na nusu kati ya tatu. Tunakushukuru na tunakutakia kila la heri.* Nikausoma mara tatu, hasa hapo pa heri.

Nikahamia kiti cha mbele, maana nilihitaji kukaa mahali penye hewa. Lori lilikuwa linajongea nyuma ya tela la Kipara, hatua kwa hatua. Nilikuwa tayari kusamehe, Mungu ni shahidi. Mtu husahau. Mimi mwenyewe nimewahi kusahau sufuria jikoni ikawa mkaa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuiomba ile ofisi radhi, kwamba mume wangu ni mtu mwema, ni haraka tu. Ndipo nikaiona simu yake juu ya dashibodi, na juu yake, kwenye kizuia jua, waya wa chaji.

"Simu yako ilikuwa kwenye inveta," nikasema.

"Kipara alinipigia. Nikaichomoa nipokee."

Nikautazama waya. Ulikuwa umeviringwa kwa vidole vinne, duara juu ya duara, ukafungwa na mpira mweusi, ukachomekwa kwenye kizuia jua, pale unapokaa tukiwa safarini. Anayepokea simu kwa haraka haviringi waya. Anayeviringa waya ana nafasi, na anakumbuka vizuri kabisa kwamba inveta inawaka na kwamba stata itaikata. Kitufe cha kuzimia kiko shubiri moja tu kutoka kwenye lile tundu. Hakukigusa. Kukigusa kungekuwa ni mkono wake umenizima. Akaiachia stata, ili iwe bahati mbaya.

"Simu umeiokoa," nikamwambia.

Akayatazama mataa ya nyuma ya Kipara.

"Ungeweza kuniambia usiondoke. Neno moja tu. Ningelia, tungegombana, lakini ungekuwa umeniambia."

"Kazi yenyewe ingekuchosha," akasema mwishowe, polepole, kana kwamba ananionea huruma. "Kukaa kwenye kiti kutwa nzima."

"Na hapa miaka tisa nimekaa kwenye nini?"

Akabadilisha gia. Namchukia, niliwaza, na nilipowaza hivyo nikajua si kweli bado, ila njia imeshachongwa.

Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya mama yangu, na saa zile Kidoti anakuwa amerudi nyumbani kwa mapumziko ya shule. Kwa mazoea mume wangu aliweka spika, kama afanyavyo siku zote akiwa kwenye usukani. Chaji ilikuwa asilimia mia.

"Mama! Umefaulu?"

"Sikumaliza, mwanangu. Umeme ulikatika."

"Umeme wa wapi?"

"Wa gari."

Nilimsikia anavuta pumzi puani, kama anavyofanya akikokotoa hesabu.

"Baba hakuchomoa?"

"Alichomoa."

"Hakuzima?"

"Hakuzima."

"Baba!" akaita. "Kwa nini hukuzima? Si wewe huwa husahau?"

Kipara alikuwa ameshateremka kwenye mzani, njia nyeupe. Mpimaji akatupungia mkono tusogee. Mume wangu alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, na lori halikusogea. Nyuma yetu moja likapiga honi, kisha la pili, kisha yadi nzima. Yeye aliyeniapia kwamba hatasogea hata inchi, sasa ndiyo hakusogea.

"Baba?" Kidoti akasema. "Mama, mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mwanangu," nikamjibu. "Anakusikia."