Gambuti Mlangoni

Daktari wa koo kule Nakuru hakunizungusha. Alichungulia mdomoni mwangu na tochi yake, akaketi, akasema, "Madam, hapa kuna vinundu. Ukiendelea kupiga kelele, hii sauti itaenda na haitarudi. Kwani unafanya kazi gani?" Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne huko Keringet. Akanitazama kwa huruma, kisha akaandika dawa.

Kama hujawahi kufundisha Keringet, nikueleze. Njia zote ni matope, kwa hivyo kila mtoto huja na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na gambuti za watoto sitini na kitu zikitwanga sakafu ya simiti ni kelele tosha kabla hata mdomo mmoja haujafunguka. Kisha midomo inafunguka. Kila akiingia mtu, awe mwalimu, awe mzazi aliyeleta kalamu iliyosahaulika nyumbani, darasa zima linaruka juu na kuimba, "Gudi mooorning, ticha!" Mpaka uwatulize, somo limekwisha. Miaka yote nimewatuliza kwa koo. Sasa koo limechoka, na mwenye koo amechoka zaidi.

Mwalimu mkuu, Bwana Kosgei, aliniita ofisini. "Madam Celestine, class yako inasikika mpaka soko. Nakuonea huruma, lakini mwalimu bila sauti nitamfanyia nini? Midterm ikifika bado ni hivi, nitaomba waniletee mtu mwingine." Wenzangu walinishauri nitumie kiboko, wakisema kwa sauti ya chini kwa sababu sheria imekikataza. Samaki mkunje angali mbichi, wakaniambia. Nikawajibu samaki wangu ni sitini na mkono wangu ni mmoja.

Basi niliacha hesabu za sehemu, nikafundisha mlango. Wiki nzima, mlango tu. Panga mstari kibarazani. Vua gambuti, ziweke pamoja, ncha zielekee ukutani. Ingia na soksi, chukua daftari, anza hesabu iliyo ubaoni. Nikiinua mkono, kalamu chini. Mgeni akiingia, hakuna kusimama wala kuimba, kazi inaendelea. Na atakayekosea hachapwi. Anarudi mlangoni na kuanza tena, bila hasira. Hayo yote niliyasema kwa kunong'ona, na sauti iliponiishia niliyaigiza kama bubu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya kwanza tuliingia na kutoka hadi kengele ya uji.

Aliyenitesa zaidi ni Trizah. Mtoto ana domo, huyo! Kila tukifika mlangoni alizua fujo: anasukuma wenzake, anaimba, anaingia na gambuti zake na matope yake yote. Nikimrudisha, anaingia vilevile. Nilikuwa karibu kumfokea, daktari na wenzake wote waseme watakalo, nilipoona jinsi alivyozishika gambuti zake kwa mikono miwili zisivuliwe. Nikachungulia: ndani hakuwa na soksi. Baridi yote ile ya Keringet, na miguu mitupu. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hicho.

Niliketi kizingitini, nikavua viatu, nikavua na soksi, nikaingia peku mbele ya darasa zima. Simiti iliniuma mpaka magotini. Trizah akatazama miguu yangu, akatazama yake, akavua. Kesho yake nilileta magunia ya viazi tukayatandika sakafuni, na tangu hapo Trizah akawa askari wa mlango, mkali kuliko mimi.

Kelele zikapungua polepole. Kuna asubuhi moja niliisikia mvua ikianza kudondoka kwenye mabati, matone ya kwanza kabisa, nikaacha kusahihisha nikaisikiliza tu. Ilikuwa miaka sijasikia mvua nikiwa darasani.

Siku chache kabla ya midterm, Bwana Kosgei akaingia na mama mmoja mkaguzi. Mwalimu mkuu alisimama juu ya magunia yetu na gambuti zake, akingoja wimbo. Hakuna kichwa kilichoinuka.

"Nyinyi!" akafoka. "Mnaona wageni na mmekaa tu? Hamna adabu?"

Nikafungua mdomo nieleze, kikatoka kikwaruzo. Ndipo Trizah akainua mkono. "Mwalimu mkuu, umeingia na gambuti," akasema kwa upole. "Unarudi tu mlangoni unaanza tena. Hakuna mtu amekasirika."

Nikajua kazi yangu imekwisha. Lakini yule mama alicheka hadi akashika ukuta, akatoka, akavua viatu vyake na kuvipanga. Bwana Kosgei ilimbidi afuate. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na watoto wangu, Mungu awabariki, waliendelea na hesabu.

Ijumaa aliniita tena, akanipongeza kwelikweli. "Madam, sijawahi ona kitu kama hiyo. Hiyo class sasa inajiendesha, mtu yeyote anaweza kuishika. Kwa hivyo Monday unaingia Grade Six. Hao wameshinda kila mtu." Shukrani ya punda ni mateke. Nikamwonyesha koo langu kwa kidole. "Si wewe hutumii sauti?" akasema.

Jumatatu nikasimama mbele ya Gredi ya Sita, mkono juu, gambuti zikitwanga simiti, na hakuna aliyenitazama. Nilichoka hata kabla ya kuanza. Nikasogea karibu na ukuta wa mbao unaotutenga na watoto wangu, nikatega sikio. Mwalimu Njuguna ndiye aliyepewa darasa lile. Nilisikia gambuti zake zikiingia, kisha kimya. Kazi ilikuwa inaendelea.

"Kwani mimi si mtu?" akauliza. "Simameni!"

Kisha nikamsikia Trizah, na ule upole niliomfundisha mwenyewe. "Mwalimu, unarudi tu mlangoni unaanza tena. Hakuna mtu ame..."

Hakumaliza. Nilisikia fimbo, nikamsikia akilia.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama kwenye mlango wa darasa langu, na ukelele ukinitoka tumboni, "Usimguse! Usimguse huyo mtoto!" Nadhani ulisikika mpaka soko. Njuguna akaishusha fimbo. Gredi ya Sita, ng'ambo ya ukuta, ikanyamaza yote.

Nilitaka kumwita Trizah aje kwangu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu, hata kile kikwaruzo. Akaja mwenyewe, peku, akijishika mkono, akanitazama usoni.

"Ticha," akasema, "leo umekasirika."

Nikaitikia kwa kichwa.